Bi. Qali Awil na Siku ya Adey Wawili

Bi. Qali Awil Yahye amelitumikia Shirika la Ustawi wa Mifugo Tana Mashariki kwa miaka thelathini na mbili, na tarehe 30 Juni mwaka huu anastaafu rasmi. Mimi Dekow, dereva mkuu wa shirika, ndiye niliyepewa heshima ya kuandika wasifu wake katika jarida hili la wafanyakazi. Arbia, mhariri wetu, aliniuliza kama kweli nitaweza. Nikamjibu kwamba mtu aliyeendesha lori la dawa za mifugo kutoka Garissa hadi Kutulo bila breki hawezi kushindwa na kurasa mbili tatu. Qali ameisoma rasimu na kuandika pembeni kwamba breki zilikuwepo. Haya, zilikuwepo. Lakini hazikuwa na hamu ya kazi.

Niseme mapema kwamba shule yangu iliishia darasa la sita, mengine yote nikayasomea barabarani. Mambo ya kompyuta nitayaeleza kama nilivyoyaelewa mimi, na nilivyoyaelewa mimi ndivyo yalivyo, maana Qali mwenyewe ndiye aliyenifundisha kila nilipompeleka nyumbani Waberi jioni.

Alianza mwaka 1993 kama karani wa taipu. Wale wa zamani wanakumbuka mashine yake ya chuma iliyosikika mpaka soko la mbuzi. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa ofisini, watu waliizunguka kama nyoka aliyeingia nyumbani. Mmoja akaifunika kitambaa ili isiwaangalie. Qali aliondoa kitambaa, akavuta kiti, akasema, "Hii kazi yake ni kusikia amri. Na mimi kutoa amri nimezaliwa nayo." Mwaka uliofuata shirika lilimpeleka Nairobi kusoma, akarudi na diploma na sauti ileile.

Watu wa nje wakisikia fundi wa kompyuta hudhani ni mtu mpole aliyejikunja kwenye kona. Qali hajawahi kujikunja popote. Akipata jambo, jirani wa tatu anajua. Ujumbe wa kosa ukitokea kwenye kioo husimama na kuusoma kwa sauti, neno kwa neno, kama hakimu anayemsomea mtu mashtaka, kisha anaigeukia mashine na kuiuliza kama ina la kujitetea. Na ole wako umpigie simu umwambie tu kwamba kompyuta "haifanyi". Atakuuliza, "Haifanyi nini? Ng'ombe wako akiugua utamwambia daktari kwamba ng'ombe hafanyi?"

Seva yetu kuu niliileta mimi kutoka Nairobi. Niliikalisha kiti cha mbele, nikaifunga mkanda, na msaidizi wangu akapanda nyuma kwenye magunia. Msimu huo mto ulikuwa umefurika na barabara imekatika. Nikaibeba kichwani, maji yakiwa shingoni na mamba wawili wakinisindikiza kila upande. Pembeni hapa Qali ameandika: "Maji yalifika magotini. Mamba hakuwepo." Mimi nasema yeye alikuwa ofisini anakunywa chai ya tangawizi, na mamba si mtu wa kuacha ushahidi.

Hiyo seva Qali aliiita Koor. Waliokulia mjini nitawakumbusha: koor ni ile kengele ya mti anayovishwa ngamia, na kundi lote likiisikia linajua lielekee wapi. Ndiyo kazi ya seva kuu. Kompyuta zote za shirika, za hapa Garissa, za Hulugho na za Kutulo, ni kundi moja, na wenye kazi yao huliita kikoa. Koor ndiye anayejua nani ni wa kundi na nani mgeni. Koor ndiye mwenye amri: huyu aruhusiwe kuchapisha vibali, yule asiguse mafaili ya mishahara, kila mtu abadilishe paswadi yake. Amri hizo huitwa sera za kundi. Kompyuta ikiwashwa asubuhi, kabla haijakupa nafasi ya kufanya lolote, inakwenda kwanza kwa Koor kuchukua sera zake. Isipozipata, hata iwe mpya namna gani, ni sanduku lenye mwanga.

Na kwa sababu mama yake alikuwa mwenye ngamia, Qali alitaka kila mashine iwe na jina, si namba. Aliziambia ofisi zichague zenyewe. Basi watu wakazipa kompyuta majina ya ngamia wa kwao, tena wale bora, wale wa maziwa. Kutulo wakawa na Gududo. Hapa Garissa, mashine ya vibali iliitwa Adey, maana yake mweupe, jina la ngamia wa mama yake Qali. Maziwa ya ngamia huyo ndiyo yaliyouzwa mjini kila alfajiri mpaka Qali akamaliza shule. Kibandiko chenye jina lake alikiandika kwa mkono wake na kukibandika mbele ya mashine, na hakuna aliyeruhusiwa kuegemeza kikombe hapo.

Sasa nifike kwenye siku ambayo kila mtu ofisini huisimulia, na wote huikosea isipokuwa mimi.

Ulikuwa mwaka ule wa ukame mkubwa. Jua lilikuwa kali hata vivuli vilitafuta kivuli. Vibali vya kusafirisha mifugo vilikuwa vimeanza kutolewa kwa kompyuta tu, na kizuizini barabarani kibali cha kuandikwa kwa mkono hakikukubaliwa tena. Katika shirika letu mashine mbili pekee ziliruhusiwa na Koor kuvichapisha: moja hapa, moja Hulugho. Ya Hulugho ilikuwa mpya. Ahmednoor, fundi wa pili wa shirika, kijana mwenye digrii yake na adabu zake, alikuwa amesafiri huko wiki hiyo kuifunga.

Asubuhi hiyo lori lilisimama langoni. Ndani yake walikuwemo ng'ombe wa mzee mmoja aitwaye Yarrow, wote aliobakiwa nao, mbavu zao unaweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Shemeji yake alikuwa na shamba la majani kando ya Tana, upande wa pili wa kizuizi. Wakifika huko, wanaishi. Wakikosa kibali, watabaki kwenye lori juani mpaka mwisho wao. Yarrow alikuwa amekwenda kwanza ofisi ya Hulugho, akaambiwa mashine imegoma, aende Garissa. Amefika Garissa, na mashine ya Garissa imegoma.

Tuliongea Kisomali, mimi natafsiri tu. Yarrow alisema, "Nyinyi mna shirika la kustawisha mifugo au la kuizika?"

"Mzee, keti kivulini unywe chai," Qali akamwambia.

"Chai wape ng'ombe wangu. Mimi nitakunywa wakishiba."

Hapo mimi sikungoja kuambiwa. Nilichukua madebe, nikawa nachota maji kwenye tangi na kuwamwagia ng'ombe kupitia ubavu wa lori. Niliinua madebe mengi mpaka mkono huu wa kulia ukawa mrefu kuliko wa kushoto, na shati langu la Idi ya mwaka huo ni shahidi. Kila nikirudi kuchota napita dirishani, nasikia kinachoendelea ndani.

Kioo kilikuwa kinasema sera hazikuweza kusomwa, na uaminifu kati ya mashine hii na kikoa umevunjika. Qali aliusoma ujumbe huo kwa sauti kuu. Yarrow akasema, "Hata mashine zimeanza kuachana?" Qali hakucheka. Aliangalia nyaya, akaangalia saa ya mashine kama inalingana na ya Koor, akaangalia kama inamwona Koor kwenye netiweki. Vyote vizima. Basi akaitoa Adey kwenye kundi na kuirudisha upya, kama alivyofanya jana yake ilipogoma, na kama anavyofanya siku zote uaminifu ukivunjika. Mashine ikazima, ikawaka polepole kama mtu anayetafuta viatu vyake, na kumbe imepona! Sera zikaingia, printa ikaonekana. Qali akapiga meza, akaanza kujaza jina la Yarrow.

Kabla hajafika kwenye idadi ya ng'ombe, Adey akagoma tena. Ujumbe uleule.

Akaitoa, akairudisha. Ikapona. Ikagoma. Huko nje ng'ombe mmoja alikuwa amepiga magoti, na Yarrow amepanda juu ya lori anamwinua kwa mkia huku akimwita kwa upole kama anayemwamsha mtoto.

Simu ya Hulugho huwa haishiki mpaka mtu apande juu ya tangi la maji. Ilipoita, alikuwa Idil, karani wa vibali wa huko, na upepo unamvuma masikioni, akimwita eeddo, yaani shangazi. "Eeddo Qali, tusaidie! Ahmednoor anaitengeneza mashine, inapona, ikikaa kidogo inakufa. Anaitengeneza tena, inakufa tena."

"Mimi mwenyewe ya kwangu inanifanyia hivyohivyo," Qali akasema. "Mwambie aendelee. Na mimi naendelea."

Wakaendelea, wote wawili, kwa bidii kabisa. Mashallah, sijapata kuona watu wawili hodari wakihangaika hivyo.

Ndipo Yarrow akashuka kwenye lori, akaingia ofisini na vumbi lake lote, akasimama mbele ya meza. Nadhani alikuja kugomba. Lakini macho yake yakatua kwenye kibandiko. Alikikazia macho. Akakizunguka upande huu na upande ule.

"Wallahi huyu Adey ana miguu," akasema. "Jana nimemwacha Hulugho, yule binti akaniambia Adey anaumwa. Leo amefika Garissa kabla yangu, na bado anaumwa!"

Qali aliacha kuandika. "Umesema umemwona wapi?"

"Hulugho. Kibandiko hivihivi mbele ya mashine. Nilimwambia yule binti, jina zuri. Akaniambia ni la ngamia wao."

Naapa, kimya kilichoingia humo ndani kilizima feni. Qali akashika kichwa kwa mikono miwili na kutoa kicheko ambacho mpaka leo sijui kilikuwa kicheko au kilio.

Jambo lenyewe, kama alivyonieleza baadaye, liko hivi. Kila mashine na Koor wana siri yao, wanaijua wawili tu, na kwa siri hiyo Koor anaitambua ikija kuchukua sera. Koor hatazami sura, anatazama jina na siri. Ahmednoor alipomwingiza Adey wa Hulugho kwenye kundi, Koor alisema, haya, Adey amerudi, akampa siri mpya. Adey wa Garissa akaja na siri ya zamani, akafukuzwa kama mwizi. Qali akamrudisha, akapewa siri mpya, na sasa yule wa Hulugho ndiye mwizi. Kila aliyetengeneza yake aliivunja ya mwenzake. Wote wawili walikuwa sawa, na wote wawili walikuwa wanaua ng'ombe wa Yarrow.

Hakuna mchungaji anayewapa ngamia wawili wa kundi moja jina moja. Ukiita mmoja akamuliwe, wanakuja wote, wanasukumana, na maziwa yanamwagika. Lakini humu kwetu kila familia inadhani hakuna Adey mwingine duniani isipokuwa wa kwao.

Qali akampigia Idil. Idil akapanda tangi.

"Abaayo, dada yangu, mwambie Ahmednoor aondoe mikono kwenye mashine. Na jina lake libadilishe sasa hivi."

"Nimbadilishe Adey? Kwa nini? Badilisha wako!"

"Idil, hapa kuna ng'ombe wanakufa."

"Eeddo, na mimi nakuheshimu, lakini ukame huu umekula ngamia wetu wote. Amebaki Adey peke yake. Mama akisikia nimelifuta jina lake atasema nimemwita mauti."

Nilikuwa mlangoni na debe mkononi. Mnajua sauti ya Qali, na nilidhani sasa Idil ataangushwa kutoka kwenye tangi kwa simu. Haikuwa hivyo. Qali alikitazama kile kibandiko alichokiandika kwa mkono wake. Halafu akasema, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "Wa kwenu yuko hai?"

"Yuko hai, alhamdulillahi. Hata jana amekamuliwa."

"Wa mama yangu alikufa zamani. Basi jina ni la aliye hai. Kaa nalo."

Akakata simu, akabandua kile kibandiko kwa ukucha, taratibu kisichanike, akakitia ndani ya mkoba wake. Kisha sauti yake ikarudi. "Yarrow! Nitajie jina upesi, ambalo hakuna mtu wa Hulugho, wala Kutulo, wala mahali popote atakayelichagua!"

Yarrow alinitazama mimi, nimelowa, nina matope mpaka kwenye nyusi.

"Mwite Dekow," akasema.

Ndiyo, ndugu wasomaji. Mashine ya vibali ya Garissa huitwa Dekow tangu siku hiyo. Qali aliipa jina, akaiingiza kwenye kundi, akaizima na kuiwasha, akaipigia ile amri yake ya kulazimisha sera, na tukaingoja wote tumeshika pumzi. Sera zikaingia. Hazikutoka. Printa ikakohoa, ikatoa kibali. Yarrow alikipokea kwa mikono miwili, akakimbia nacho, na mimi nikalitangulia lori kwa gari la shirika mpaka kizuizini, taa zikiwaka, honi ikilia, kwa mwendo ambao hata mbuni alisogea kando akanipungia bawa. Qali ameandika pembeni: "Mbuni wapi?" Ninamwachia Mungu.

Ng'ombe wote walifika kwenye majani. Hata yule aliyepiga magoti. Huyo ndiye aliyezaa baadaye, na ndama wake Yarrow alimwita Kibali.

Kuhusu hiyo mashine Dekow, watu hupenda kunitania kwamba haijawahi kukataa amri hata mara moja, tofauti na mwenye jina. Haijachelewa, haijaomba ruhusa, haijasimulia chochote. Mimi najivunia. Ni wangapi katika jimbo hili wenye vibali vingi kama hivyo vilivyochapishwa kwa jina lao?

Ahmednoor aliporudi kutoka Hulugho aliingia ofisini ameinamisha kichwa, akitarajia moto. Qali alimmiminia chai akamwambia, "Wewe ulifanya kazi vizuri, ndiyo maana ilikuwa mbaya hivyo. Ungekuwa mvivu tungemaliza asubuhi." Tangu hapo wawili hao wamefanya kazi kama jicho na jicho. Wamefunga mtambo wa pili unaoshika kazi Koor akizimikiwa na stima. Wamefundisha makarani wa ofisi zote tatu kusoma ujumbe wa kosa mpaka mwisho kabla ya kupiga simu. Na wameweka ile kanuni inayojulikana na kila mfanyakazi: hakuna mashine inayoingia kwenye kundi mpaka jina lake litangazwe kwenye WhatsApp ya ofisi siku nzima, kama posa, ili mwenye pingamizi aseme. Pingamizi limetoka hata kwa bibi vizee wasio wafanyakazi. Yote yamesikilizwa.

Qali alikuwa na makosa yake pia, nisije nikaambiwa nimeandika sifa tupu. Ametufukuza kwenye chumba cha seva miaka yote hii kwa sababu ndicho chumba pekee chenye baridi Garissa nzima, na sisi tulikuwa tunataka kulala tu. Alimfungia meneja kompyuta yake kwa kukataa kubadilisha paswadi, akamwacha anaandika barua kwa kalamu mpaka akatii. Na hadithi zangu zote amezipunguza. Nilikuwa na simba watatu katika wasifu huu. Tazameni wenyewe kama amebaki hata mmoja.

Wiki iliyopita ililetwa mashine mpya ya vibali, maana Dekow wa mezani amechoka na anastaafu pamoja na Qali. Ahmednoor, ambaye anamrithi Qali, alikaa na sisi wote tukakubaliana bila mtu hata mmoja kupinga, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye mkutano wa Wasomali. Akaandika kwenye WhatsApp, kwa kufuata kanuni: mashine mpya itaitwa Qali. Mwenye pingamizi aseme.

Idil akajibu kutoka juu ya tangi lake kwamba Hulugho wanaunga mkono. Kutulo wakaunga mkono. Yarrow, ambaye hata sijui nani alimwingiza kwenye kundi la wafanyakazi, akatuma picha ya Kibali, sasa ng'ombe mzima mwenye ndama wake, na akasema ataleta maziwa siku ya sherehe.

Jioni, siku ikiwa karibu kuisha, pingamizi likaja. Moja tu.

"Napinga," aliandika Bi. Qali Awil. "Jina ni la aliye hai. Linatumika bado, na mwenyewe anakwenda kulitumia sana."

Kwa hiyo mashine mpya ingali kwenye boksi, haina jina, na mapendekezo yapelekwe kwa Ahmednoor.

Eeddo Qali, umetuchunga na hatukupotea. Asante kwa kila mashine uliyoirudisha zizini na kwa kila mtu uliyemfokea mpaka akajua kazi. Nenda Waberi ukalale mchana usiamshwe na simu yetu, uwaone wajukuu, ukakibandike kile kibandiko mahali pazuri. Mungu akupe afya, maziwa na mvua ya wakati wake. Litumie jina lako miaka mingi sana. Hapa kwetu, katika kundi lote, halitapewa mwingine.